Bekapu ya seva ya muvi na video nyumbani: anza na vile ambavyo hutavipata tena

Watu wengi wakishaiseti Jellyfin, programu ya bure ya kurushia video kwenye tivii na simu za nyumbani, kwenye deskitopu la mtumba, diski ya TB 2 imejaa, tivii ya sebuleni inafungua kila kitu na watoto wanaangalia katuni bila kula bando, wanaona kazi imeisha. Ukiuliza habari ya bekapu jibu ni lile lile, sina hela ya diski nyingine kubwa hivyo, na mjadala unafia hapo. Ila ndugu yangu hela ya diski kubwa hivyo wala huihitaji. Kaa uangalie kilichomo humo ndani, utakuta sehemu kubwa ni muvi na tamthilia ambazo zikipotea utakasirika siku mbili alafu utazitafuta tena, wakati video ya sendofu ya dada yako, harusi ya wazazi mliyomlipa fundi aitoe kwenye kanda ya VHS, sauti ya bibi akisimulia mlivyohama kijijini, hivyo hakuna duka wala mtandao utakaokuuzia. Bekapu inaanzia hapo.

Hapa naongelea Jellyfin iliyokaa juu ya Linux ya Debian au Ubuntu. Kama unatumia Plex, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, mambo ni yale yale, folda tu la mipangilio ndo liko sehemu nyingine, ntalitaja mbele.

Gawa kwanza, ndo ununue diski

Kama vitu vyako vimechanganyika vyote kwenye folda moja, tumia jioni moja kuvitenganisha, hii ndo kazi yenye faida kuliko zote humu. Mimi napenda kuwa na /srv/media alafu ndani yake filamu, muziki na familia. Ukimaliza andika hii kwenye terminal:

du -sh /srv/media/*

Utaona kitu kama hiki:

171G /srv/media/familia
1.6T /srv/media/filamu
38G /srv/media/muziki

Ona hapo, tatizo la TB 2 limeshuka mpaka GB 171, hiyo inaingia hata kwenye diski ya GB 500 iliyotoka kwenye laptopu mbovu ukaiwekea kasha la USB. Kwa filamu unachohitaji ni orodha ya majina tu, faili la maandishi la KB chache, ili siku diski ikifa ujue ulikuwa na nini. Muziki inategemea, kama ni nyimbo unazoweza kuzipata tena popote ziache, ila kama ulikaa ukatoa taarabu za zamani kwenye kaseti za mzee basi hizo zihamishie folda la familia, ni za kundi hilo.

Na wakati unapanga folda la familia hakikisha unaweka video zenyewe na sio zile za kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, maana zile zimeshaminywa, ukizifungua kwenye tivii kubwa sura za watu ni ukungu mtupu. Mwombe aliyerekodi akutumie kama dokyumenti au umfuate na waya. Zile DVD za harusi kwenye kabati nazo zitoe sasa hivi, DVD za kuchoma zinakufa taratibu hata kama hujazigusa, na DVD moja ya kawaida ni GB 4.7 tu kwa hiyo hata ukiwa nazo 50 hazifiki GB 250.

Kuna kundi la tatu watu wanalisahau, nalo ni seva yenyewe, yani akaunti za watu wa nyumbani, nani ameishia sehemu gani kwenye tamthilia gani, mikusanyiko uliyopanga, picha za makava ulizorekebisha kwa mkono baada ya Jellyfin kuchanganya filamu mbili zenye jina moja. Ukipoteza diski ya mfumo hayo yote yanaondoka hata kama video zote ziko salama kwenye diski nyingine. Kwenye Debian na Ubuntu viko sehemu mbili, /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin. Folda la /var/cache/jellyfin liache, litajitengeneza upya lenyewe. Wa Plex nyinyi lenu ni /var/lib/plexmediaserver/Library/Application Support/Plex Media Server, na kwa sababu jina lina nafasi katikati likiwa kwenye komandi lizungushie alama za kunukuu.

Vitu vinavyoonekana kama bekapu ila sio

RAID sio bekapu. RAID, yani diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa pamoja, inakusaidia diski moja ikifa seva iendelee kuwaka, lakini mtoto akifuta folda la harusi linafutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyo hiyo, na virusi wanaofunga mafaili wakudai hela wanazifunga zote mbili kwa pamoja. Programu za kusawazisha folda kati ya vifaa kama Syncthing ni hivyo hivyo, ukifuta huku inafuta na kule. Na diski ya nje ambayo imechomekwa nyuma ya seva mwaka mzima nayo naihesabu nusu tu, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo vinaungua vyote, na mwizi akiingia hawezi kubeba deskitopu akakuachia diski iliyokaa juu yake.

Kwa hiyo diski ya bekapu inachomekwa siku ya kazi, ikimaliza inachomolewa. Na ziwe mbili, moja nyumbani moja kwa ndugu.

Kununua na kuipima

Iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au kwenye hizi duka za mtandaoni, ukikuta diski ndogo ya TB 16 inauzwa bei ya chakula cha mchana kimbia, ni flashi ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Ubaya wake ni kwamba inapokea mafaili yote bila kulalamika, majina unayaona yote, mpaka siku unataka kufungua video ndo unakuta hamna kitu ndani. Hata kwa diski yenye bei ya kueleweka pima kabla hujaiamini, kuna programu ya bure inaitwa f3, inaijaza diski mafaili ya majaribio alafu inayasoma tena kuona kama yamerudi vile vile. Fanya hivi diski ikiwa tupu, na umeshaweka f3 na kuiunganisha diski kama ntakavyoonyesha hapo chini:

sudo f3write /mnt/bekapu
sudo f3read /mnt/bekapu

TB 1 inachukua masaa mengi, iache usiku kucha, asubuhi ukikuta imesema sehemu iliyopotea ni sifuri basi futa yale mafaili ya h2w uendelee.

Kama diski ni ya zamani angalia na afya yake kwa smartctl, ipo kwenye pakiti ya smartmontools:

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Hapo kwenye sdb weka jina la diski yako, lsblk itakuonyesha. Hiyo -d sat ni kwa sababu makasha mengi ya USB hayajibu bila hiyo. Tafuta mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, namba ya mwisho kulia ikiwa 0 shwari, ila Current_Pending_Sector ikiwa na namba na kila ukirudia kupima inapanda usiiweke kumbukumbu ya mtu yeyote humo.

Kuiandaa

Swali la fomati linaleta ubishi. Wataalamu wa Linux watakwambia ext4, na kweli ina nguvu zaidi umeme ukikatika katikati ya kazi. Mimi nasema exFAT, na sababu yangu ni moja, siku wewe haupo, umesafiri au unaumwa, mke wako au mdogo wako achukue ile diski achomeke kwenye laptopu ya Windows na video zifunguke bila kumtafuta fundi. Kumbukumbu za familia zikishakuwa zinafunguliwa na mtu mmoja tu ndani ya nyumba ziko kwenye hatari hata kama zina nakala kumi. Kuwa makini na FAT32 lakini, hiyo haipokei faili linalozidi GB 4 na video ya harusi inazidi hapo mara nyingi.

Diski nyingi za nje mpya zinakuja zikiwa tayari na exFAT au NTFS, andika lsblk -f uone. Kama ni lazima uifomati hakikisha mara mbili jina la diski, maana ukikosea herufi moja unafuta seva:

sudo apt install exfatprogs rsync f3 smartmontools
sudo mkfs.exfat -L BEKAPU /dev/sdb1

Hiyo lebo BEKAPU ina kazi. Zile diski zako mbili zipe zote lebo hiyo hiyo, hutazichomeka kwa pamoja kwa hiyo hazigongani, na skripti moja inazihudumia zote bila kubadilisha kitu. Kwa nje ziandike kwa kalamu ya wino mzito A na B ili ujue ipi iko wapi. Alafu kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia seva diski ipi iunganishwe folda lipi, ongeza mstari huu:

LABEL=BEKAPU /mnt/bekapu exfat noauto 0 0

Chomeka diski ya kwanza, kisha:

sudo mkdir -p /mnt/bekapu
sudo mount /mnt/bekapu
sudo mkdir /mnt/bekapu/familia /mnt/bekapu/seva /mnt/bekapu/vilivyofutwa
sudo touch /srv/media/familia/.nipo

Diski ya pili nayo ukiichomeka mara ya kwanza itengenezee folda hizo tatu. Lile faili tupu la .nipo ntalieleza sasa hivi.

Skripti

Kazi yenyewe inafanywa na rsync, kiprogramu cha toka 1996 na mpaka leo kwa kazi hii sioni cha kukizidi, kinakopi vilivyobadilika tu kwa hiyo mara ya kwanza ni ndefu ila zinazofuata ni dakika chache. Hifadhi hii kama /usr/local/sbin/bekapu.sh na uipe ruhusa kwa sudo chmod 700:

#!/bin/bash
[ -f /srv/media/familia/.nipo ] || exit 1
mountpoint -q /mnt/bekapu || mount /mnt/bekapu
mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1
systemctl stop jellyfin
tar -czpf /mnt/bekapu/seva/jellyfin-$(date +%F).tar.gz /var/lib/jellyfin /etc/jellyfin
systemctl start jellyfin
dpkg -l | grep jellyfin > /mnt/bekapu/seva/toleo.txt
find /srv/media/filamu -type f > /mnt/bekapu/seva/orodha-ya-filamu.txt
rsync -rtvh --modify-window=1 --delete --max-delete=50 --backup --backup-dir=/mnt/bekapu/vilivyofutwa/$(date +%F) /srv/media/familia/ /mnt/bekapu/familia/
umount /mnt/bekapu

Usiikopi bila kuielewa, twende taratibu kwenye sehemu zenye miiba.

Mstari wa .nipo unauliza kama folda la familia kweli lipo. Fikiria diski ya media imegoma kuwaka siku hiyo, /srv/media/familia inabaki folda tupu, sasa rsync ikiwa na --delete itaona chanzo hakina kitu na itaifanya bekapu yako nayo isiwe na kitu, yani inafuta nakala pekee iliyobaki siku ile ile unayoihitaji. Faili la .nipo lisipoonekana skripti inasimama. Na --max-delete=50 ni kinga ya pili, ikishafuta mafaili 50 inaacha kufuta mengine, hapo ujue kuna jambo.

Ile mistari miwili ya mountpoint ni kwa ajili ya upande wa pili. Ukisahau kuchomeka diski, /mnt/bekapu ni folda la kawaida tu ndani ya diski ya mfumo, bila huo ukaguzi video zote zitamiminwa humo mpaka mfumo ujae na seva ikatae kuwaka, na wewe unaamini una bekapu.

Jellyfin inazimwa kwanza kwa sababu hifadhidata yake ni SQLite, yani faili la kawaida tu kwenye diski, na ukiikopi huku inaandikwa unaweza kupata nakala iliyovunjika ambayo hutaigundua mpaka siku ya kurudisha. Tar itakwambia imeondoa mkwaju (alama ya /) wa mwanzo kwenye majina, sio kosa, achana nayo. Toleo la 10.11 limekuja na bekapu yake kwenye dashibodi, nzuri, ila inabaki ndani ya mashine ile ile mpaka wewe uitoe, kwa hiyo diski ya nje iko pale pale.

--backup na --backup-dir ndo zinakuokoa na vidole vya watoto, kitu kilichofutwa au kubadilishwa kwenye seva hakipotei kwenye bekapu, kinahamia folda la vilivyofutwa lenye tarehe ya siku hiyo. Kila baada ya miezi kadhaa pitia humo ufute visivyo na maana, na kwenye folda la seva bakiza tar mbili tatu za mwisho.

Sasa mkwaju. Angalia mwisho wa /srv/media/familia/ pale, ule mkwaju maana yake kopi vilivyomo ndani ya folda. Ukiutoa inakopi folda lenyewe na unapata /mnt/bekapu/familia/familia, na diski inajaa nakala mbili za kitu kile kile. Kwa hiyo mara ya kwanza, na kila ukigusa huo mstari, ongeza n iwe -rtvhn, hapo rsync inakuonyesha tu ingefanya nini bila kugusa kitu, soma orodha, ukiona neno deleting mbele ya kitu unachokipenda simama.

Jambo la mwisho, exFAT haitaki majina yenye nukta pacha au alama ya kuuliza, faili linaloitwa "Harusi 12:30.mp4" litakataliwa, libadilishe jina kwenye seva.

Chomeka kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lile la bluu. GB 171 pale zinaingia kama nusu saa kwa diski ya MB 100 kwa sekunde, kwenye USB 2.0 hesabu saa moja na nusu.

Ukiniuliza uiweke kwenye cron, kipanga ratiba cha Linux, ijiendeshe yenyewe, mimi naona hapana, kwa sababu ili ijiendeshe diski inabidi iwe imechomekwa muda wote na tumeshaongelea ubaya wake. Weka alamu kwenye simu uiendeshe mwenyewe kwa sudo /usr/local/sbin/bekapu.sh, mara moja kwa wiki kama mnarekodi sana, mara moja kwa mwezi kama sio, pamoja na siku inayofuata baada ya shughuli yoyote kubwa ya familia na kabla ya kuapdeti Jellyfin. Hiyo ya kuapdeti usiiruke, toleo jipya likishabadilisha hifadhidata hurudi nyuma bila nakala ya zamani.

Ile diski ya pili

Kuna kanuni inaitwa 3-2-1 ambayo mpiga picha Peter Krogh ndo aliisambaza, nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Kwa mazingira yetu hiyo moja ya nje ndo yenye uzito kuliko zote, moto, mwizi na mafuriko haviulizi una diski ngapi kwenye kabati. Mpelekee mtu wa familia anaekaa mji mwingine, shangazi Morogoro, kaka Mombasa, na kila mnapotembeleana mnabadilishana A na B. Aibebe mtu mkononi, usiitume kwenye buti la basi, diski ya kuzunguka haipendi mitikisiko. Kwa sisi wa pwani chumvi na unyevu vinakula vifaa, iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa na utupie vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Kama una intaneti isiyo na kikomo unaweza kuongeza na nakala ya mtandaoni, ila piga hesabu kwanza kwa spidi ya kupakia na sio ya kushusha. Kwa Mbps 10 za kupakia TB 2 ni zaidi ya siku 18 mfululizo, lakini folda la familia la GB 200 ni kama siku mbili, hiyo inawezekana. Tumia restic, programu ya bure ya bekapu, inafunga data kwa nywila kabla haijatoka nyumbani na ikikatika katikati ukiirudia haianzi tena moja. Nywila yake iandike kwenye karatasi, ikipotea hakuna mtu duniani wa kukufungulia.

Jaribu kurudisha

Ukishafanya haya yote chukua diski, nenda kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungua video kama nne tano, ruka mwanzo, katikati, mwisho, sikiliza na sauti. Na mara moja moja, ukiwa na muda, acha hii iende usiku ikiwa diski imeunganishwa:

rsync -rtvnc --modify-window=1 /srv/media/familia/ /mnt/bekapu/familia/

Ile c inasoma kila faili pande zote mbili na kulinganisha kilichomo badala ya kuangalia ukubwa na tarehe tu. Faili ambalo hujaligusa miaka likitokea kwenye orodha maana yake upande mmoja umeharibika, fungua zote mbili uone nzima ni ipi kabla hujakopi chochote.

Kurudisha Jellyfin yenyewe weka toleo lile lile lililoandikwa kwenye toleo.txt, alafu, ukiweka tarehe ya faili lako:

sudo systemctl stop jellyfin
sudo tar -xzpf /mnt/bekapu/seva/jellyfin-2025-11-02.tar.gz -C /
sudo chown -R jellyfin:jellyfin /var/lib/jellyfin
sudo systemctl start jellyfin

Media irudishe kwenye njia ile ile, /srv/media, kwa sababu hifadhidata inakumbuka kila video kwa njia yake kamili, ukiihamishia kwingine Jellyfin itaona video zote za zamani zimepotea na hizi ni mpya na alama za nani ameangalia nini zinaweza kuondoka. Maktaba zikifunguka ila video zinagoma kucheza, angalia kama mtumiaji jellyfin ana ruhusa ya kusoma folda za media, mara nyingi tatizo liko hapo.